Kabla hujalipia rimu: mwongozo kwa wenye Altezza na magari mengine ya spoti ya zamani, Mbeya hadi Iringa

"Kaka, hizi zinaingia kwenye Altezza?" Anayeuliza ameshafungua buti, ndani kuna rimu nne zinazong'aa, na hela imeshatoka. Swali zuri, ila limekuja baada ya malipo. Kwa kuwa ninalijibu lilelile tangu Uyole mpaka Mbalizi, nimeamua kuandika yote mara moja.

Mfano wangu ni Toyota Altezza kwa sababu ndiyo ninayoendesha, na ndiyo inayoletwa sana kwa maswali haya. Ilitengenezwa kuanzia 1998 hadi 2005, na Ulaya iliuzwa kwa jina la Lexus IS 200. Kama gari lako ni Impreza, Celica, Mark II au BMW, hatua ni zilezile. Namba tu ndizo zinabadilika, na nimeziweka hatua ya 3.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Jeki, stendi mbili na spana ya magurudumu. Tafuta sehemu tambarare, na weka mawe nyuma ya tairi zinazobaki chini. Huku kwetu uwanja tambarare ni bahati, kwa hiyo usiruke hapo.
- Tepu, rula ndefu iliyonyooka, na ukipata kalipa (kifaa cha kupimia milimita), hata ya bei ndogo, azima.
- Tochi na kitambaa.
- Simu ya kupigia picha na kukokotoa.
- Spana ya torki, inayoonyesha umekaza kwa nguvu kiasi gani. Si lazima uinunue, lakini ujue ni gereji gani inayo.
- Namba ya modeli kutoka kwenye kibati chini ya boneti. Ukikuta SXE10 una RS200, yenye injini ya 3S-GE. GXE10 ni AS200, yenye 1G-FE ya silinda sita.

Hatua ya 1: Soma gari lako lilivyo sasa

Fungua mlango wa dereva, tazama kwenye nguzo. Kuna stika yenye saizi ya tairi la kiwandani na upepo wake. RS200 ilitoka na 215/45R17 (upana wa tairi milimita 215, ubavu asilimia 45 ya upana huo, rimu ya inchi 17) juu ya rimu ya upana wa inchi 7, ofseti 50 (ofseti naieleza hatua ya 5). Matoleo mengine yalikuja na 205/55R16 au 195/65R15. Sasa linganisha na kilichofungwa. Usishangae vikitofautiana: gari la miaka zaidi ya 20 limepita kwa wamiliki wengi, na kila mmoja alikuwa na ladha yake.

Kisha vua gurudumu moja la mbele na moja la nyuma. Nyuma ya rimu huwa kuna maandishi yaliyochorwa, mfano "17x7JJ ET50" au "7J 50". Piga picha. Ukiwa hapo chini, shika bushi, boljointi na tairodi (viungo vinavyoshika gurudumu) uzitikise. Zikicheza, hela ya rimu ihamie huko kwanza. Rimu mpya juu ya boljointi iliyochoka itakula tairi jipya ndani ya miezi michache, halafu utamlaumu muuza tairi.

Hatua ya 2: Chagua kipenyo kwa kuangalia barabara zako

Hapa ndipo ninapokosana na vijana. Wengi wanataka rimu ya inchi 18, au 19 kabisa, kwa sababu gari linapendeza likiegeshwa. Mimi nasema angalia unene wa mpira kati ya rimu na lami:

- 195/65R15: karibu milimita 127
- 205/55R16: karibu milimita 113
- 215/45R17: karibu milimita 97
- 225/40R18: milimita 90
- 215/40R18: milimita 86

Mpira huo ndio unaopokea shimo kabla rimu haijalipokea. Kati ya Mbeya na Makambako unashindana na malori ya kwenda na kutoka Tunduma. Lami imebonyea kwa uzito wao, matuta yako kila kijiji, na usiku ukimpisha mwenye taa kali huoni kilicho mbele ya bampa. Nilipasua rimu ya 18 kati ya Igawa na Chimala kwa shimo ambalo kijana wa bodaboda alilipita bila hata kupunguza mwendo. Sikurudi tena kwenye 18.

Ushauri wangu kwa Altezza inayoishi huku: 16 kama unasafiri mara kwa mara, 17 kama mizunguko yako ni ya mjini, Kabwe, Mwanjelwa, Forest, na safari moja moja. 18 mwachie mwenye gari la pili. Kwenda chini ya 16, jaribu kwanza kama rimu inapita juu ya breki za mbele, hasa kwa RS200.

Hatua ya 3: PCD

Hii ni idadi ya stadi (vyuma vyenye nyuzi ambavyo nati hufungwa) na kipenyo cha duara linalopita katikati ya stadi hizo. Hakuna "inakaribia" hapa. Inalingana au hailingani.

- Altezza na Mark II (JZX100): 5x114.3, tundu la kati 60.1, nati M12x1.5 (stadi ya milimita 12, nafasi kati ya nyuzi milimita 1.5)
- Celica ya 1999 hadi 2006: 5x100, tundu la kati 54.1, nati M12x1.5
- Impreza WRX ya zamani: 5x100, tundu la kati 56.1, nati M12x1.25 (STI za mwishomwishoni zilihamia 5x114.3)
- Skyline R34: 5x114.3, tundu la kati 66.1, nati M12x1.25
- Mazda MX-5 za mwanzo: 4x100, tundu la kati 54.1, nati M12x1.5
- BMW E46: 5x120, tundu la kati 72.6, na hii inatumia bolti, si nati

Kupima rimu ya matundu manne ni rahisi: katikati ya tundu hadi katikati ya lile linaloitazama. Matundu matano hayatazamani, kwa hiyo pima katikati ya tundu moja hadi katikati ya tundu linaloruka moja, si jirani yake. Ukipata karibu 108.7 ni 5x114.3. Ukipata 95.1 ni 5x100. Ukipata 106.5, weka chini taratibu: hiyo ni 5x112, ya Mercedes na Audi.

Hiyo ya mwisho ndiyo inayowaponza watu. Tofauti ya milimita mbili jicho halioni, na rimu inaingia kwenye stadi kwa kulazimisha. Nati zinakaa upande, stadi zinapinda kidogo kila tairi linapozunguka, mpaka siku moja zinakatika. Na ukisikia fundi anasema, "Tutatanua matundu kidogo kwa dirili," chukua rimu zako uondoke. Dirili haitengenezi PCD.

Hatua ya 4: Tundu la kati

Rimu za dukani nyingi hutengenezwa na tundu kubwa, 73.1 kwa mfano, ili zifae magari mengi. Habu ya Altezza (kitovu ambacho rimu inakalia) ni 60.1. Pengo hilo huzibwa kwa pete ya plastiki ngumu au alumini, nje 73.1, ndani 60.1. Ni kitu kidogo cha bei ndogo, na ndicho kinachosahaulika kuliko vyote. Bila pete, nati hubeba kazi ya kuiweka rimu katikati, na ukifika kilometa 80 au 90 kwa saa usukani unaanza kutetemeka.

Rimu yenye tundu dogo kuliko habu haiingii. Za Celica, 54.1, hazikai kwenye Altezza, na kwa bahati nzuri PCD yake nayo inakataa.

Hatua ya 5: Upana na ofseti

Tulia hapa, chukua kalamu.

Ofseti ni umbali kutoka mstari wa katikati ya upana wa rimu hadi uso unaogusa habu. Huandikwa ET. Namba kubwa ina maana rimu imezama ndani ya digadi. Namba ndogo, rimu imetoka nje. Ukibadilisha upana na ofseti kwa pamoja, vyote viwili vinasukuma kingo, kwa hiyo usikadirie kichwani.

Hesabu ni hii. Upana kwa inchi zidisha kwa 25.4, gawa kwa mbili. Toa ofseti upate kingo ya nje. Jumlisha ofseti upate kingo ya ndani.

Rimu ya kiwandani, 7J (upana inchi 7) ET50: nusu ya upana ni 88.9. Nje 38.9, ndani 138.9.

Rimu uliyoipenda, 8J ET35: nusu ya upana ni 101.6. Nje 66.6, ndani 136.6.

Kwa hiyo nje imetoka karibu milimita 28. Ndani umepata nafasi ya milimita mbili tu ambayo hukuihitaji. Milimita 28 kwenye Altezza iliyoshushwa ni tairi linalokata mdomo wa digadi kila tuta, hasa ukibeba watu wawili nyuma.

Sasa jaribu 7.5J ET45: nje 50.25, ndani 140.25. Umetoka nje milimita 11 na kuingia ndani moja. Gari linajaa vizuri bila ugomvi. Kama unataka namba moja ya kukumbuka ukiwa mbele ya muuzaji, chukua hiyo.

Rimu haina maandishi? Ilaze kifudifudi, weka rula kwenye kingo zake za nyuma, pima kutoka kwenye rula hadi uso wa habu. Kisha pima upana wote nje kwa nje, gawa kwa mbili. Toa nusu hiyo kwenye kipimo cha kwanza. Jibu ni ofseti. Mfano: kipimo cha kwanza 151.5, upana wote 203, nusu yake 101.5, ofseti 50. Angalia sana: upana wa nje kwa nje huzidi upana ulioandikwa kwa karibu inchi moja, kwa sababu namba ya J hupimwa ndani, pale tairi linapokalia. Rimu ya inchi 8 kwa tepu yako ni 7J. Kuna watu wamenunua 8J wakiamini wananunua 9J, na wengine kinyume chake.

Spesa, kipande kinachowekwa kati ya habu na rimu? Spesa moja nzima, nene ya kutosha, yenye tundu la kati linalolingana na habu, inavumilika. Washa zilizopangwa moja juu ya nyingine kwenye stadi, hapana.

Hatua ya 6: Kagua rimu ya mtumba kabla ya kulipa

Nenda mchana. Geuza kila rimu, futa vumbi la breki kwa kitambaa, pitisha tochi mzunguko mzima kwa ndani. Ufa mara nyingi huanzia kingo ya ndani, ambayo muuzaji haipigi msasa wala rangi. Mshono wa kuchomelea kwenye mzunguko ni sababu ya kuiacha, hata kama nyingine tatu ni nzima. Tazama pia matundu ya nati: yawe duara, si yai.

Rimu halisi za Kijapani huwa na alama ya JWL (kiwango cha Kijapani cha rimu za alumini), nyingi na VIA (alama ya ukaguzi) pembeni yake. Alama inaweza kuigwa, hivyo isikufanye ulale. Omba rimu tupu izungushwe kwenye mashine ya balansi kabla ya kulipa. Ikicheza juu chini au kulia kushoto utaiona kwa macho. Muuzaji anayekataa kipimo hicho amekujibu.

Hatua ya 7: Sasa tairi

Kipenyo cha nje kiwe karibu na cha kiwandani, tofauti isizidi asilimia 2 au 3. Kwa 215/45R17 kipenyo ni milimita 625. 205/55R16 ni 632, tofauti asilimia 1 tu. 225/45R17 ni 634. 225/40R18 ni 637. Zote zinapita kwa spidomita. Kama zinapita kwenye digadi, hatua ya 5 inakwambia. 205/50R16 ni 611, na hapo gari linashuka chini na spidomita inakudanganya zaidi.

Namba inayofuata saizi ni uzito na mwendo. 87 ni kilo 545 kwa tairi, 91 ni kilo 615. Herufi: T ni kilometa 190 kwa saa, H 210, V 240, W 270. Usishuke chini ya stika ya mlango. Najua hakuna anayekimbia 240 kuelekea Inyala, lakini herufi hiyo inasema pia tairi linavumilia joto kiasi gani, na ukishuka Kitonga umejaza abiria joto lipo.

Umri: tafuta neno DOT ubavuni mwa tairi, soma tarakimu nne za mwisho. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililokaa miaka mingi hukauka hata kama meno yako yote. Mimi nikiona limepita miaka sita nalikagua kwa tochi kama rimu, na la miaka kumi silifungi hata kwa spea.

Onyo kubwa kuliko yote ya hatua hii: neno STUDLESS ubavuni. Ni matairi ya barafu ya Japani, meno yake yamekatwakatwa mistari midogo kama wembe umepita, na ukibonyeza kwa kucha ni laini. Magari mengi yanashuka meli nayo. Yanaonekana mapya, muuzaji atakwambia yanashika sana. Yanashika barafu. Kwenye lami yenye jua yanayumba na kuisha haraka, na kwenye mvua breki zake si za kutegemea.

Na mvua ndiyo habari yetu. Kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili na Mei, ukipandisha Isyonje kuelekea Tukuyu unaendesha ndani ya ukungu na maji yanayotiririka kukatiza barabara. Chagua tairi lenye mifereji mipana inayozunguka tairi lote. Kikomo cha meno ni milimita 1.6, lakini kwa Rungwe mimi nabadilisha yakibaki 3. Matairi yenye mchoro wa mashindano, meno machache na mpira mwingi, waachie wenye uwanja wa mashindano.

Ukinunua mawili tu, mapya yaende nyuma. Najua unataka mbele kwa sababu ndiko usukani uliko. Altezza inasukumwa na tairi za nyuma; nyuma ikiteleza kwenye kona ya Mlima Nyoka huna muda wa kuirudisha. Yawe jozi inayofanana, na kama una difu ya LSD (inayozuia tairi moja la nyuma kuzunguka peke yake), yachakae sawa pia. Wenye Subaru za kusukuma tairi zote nne: manne yafanane, bila mjadala.

Hatua ya 8: Nati

Rimu za Toyota za kiwandani za wakati ule mara nyingi hutumia nati ndefu yenye washa bapa. Rimu za dukani nyingi zinataka nati ya koni. Ukifunga nati bapa kwenye tundu la koni inashika kwa ukingo mwembamba tu, na italegea. Honda wana ya duara, hiyo ni ya tatu. Weka nati kwenye tundu kwa mkono uangalie kama inakaa uso kwa uso.

Kisha hesabu mizunguko: kwa M12x1.5 nati iingie angalau mizunguko minane kamili kabla ya kukaza, kwa M12x1.25, kumi. Pungufu ya hapo stadi ni fupi kwa rimu hiyo.

Hatua ya 9: Jaribu rimu tupu, ndipo uvalishe tairi

Funga rimu bila tairi, mbele na nyuma. Izungushe kwa mkono, isiguse kaliper ya breki. Zungusha usukani mpaka mwisho pande zote. Fundi tairi akishavalisha na mashine yake ikaacha mikwaruzo, hakuna atakayekurudishia hela.

Wakati wa kuvalisha simama hapo. Tairi lenye OUTSIDE liwe nje, lenye mshale lifuate mzunguko. Omba valvu mpya. Baada ya balansi, kaza nati kwa mtindo wa nyota, gari likiwa limeshushwa kidogo, hadi 103 Nm kwa Altezza. Fundi anayepanda juu ya spana kwa miguu miwili anazidisha mara nyingi, na stadi iliyovutika huwezi kuiona. Malizia na alaimenti.

Hatua ya 10: Upepo na wiki ya kwanza

Jaza asubuhi, tairi likiwa baridi. Stika za Kijapani huandika kPa. 100 kPa ni psi 14.5, kwa hiyo 230 ni karibu 33. Wengine huuliza kama upepo uliojazwa Dar unabadilika ukifika huku kwenye mita 1,700. Hewa ya nje ni nyepesi, geji inasoma juu kidogo. Baridi nayo inaushusha. Mara nyingi vinafutana. Pima tu ulipo, asubuhi.

Kaza nati tena baada ya kilometa 50 hadi 100. Safari moja ya Tukuyu inatosha.

Ikiwa kuna tatizo

*Usukani unatetemeka kilometa 80 hadi 100.* Vua, angalia pete ya kati kama ipo na kama haikuvunjika. Safisha kutu kwenye habu. Ndipo urudie balansi.

*Unatetemeka ukikanyaga breki tu.* Hiyo si rimu, ni disiki.

*Gari linavuta upande.* Badilishana tairi za mbele kulia na kushoto, kama hazina mshale. Mvuto ukihamia upande wa pili, ni tairi. Ukibaki palepale, alaimenti au breki inayoshika.

*Linasugua kwenye matuta.* Tafuta alama ya kung'aa. Ikiwa kwenye mdomo wa digadi, ukingo unaweza kukunjwa ndani na fundi bodi anayepasha rangi joto kwanza. Ikiwa ndani, kwenye springi au mkono wa sasipensheni, rudi hatua ya 5. Hapo hakuna cha kukunja.

*Tairi linaisha upande wa ndani.* Gari limeshushwa bila kupimwa alaimenti, au bushi zimekwisha.

*Upepo unapungua kidogo kidogo na pancha haionekani.* Paka maji ya sabuni kwenye valvu na pale tairi linapokutana na rimu, mbele na nyuma. Kutu ya alumini hapo huvujisha. Fundi alisafishe kwa brashi ya waya na kulivalisha upya. Mapovu yakitokea katikati ya rimu, una ufa.

*Spea haiingii.* Jaribu leo nyumbani, si saa tatu usiku Igurusi. Zile spea nyembamba mwisho wake ni kilometa 80 kwa saa. Na ukishabadilisha nati kuwa za koni, beba nati za zamani kwenye buti kama spea ya kiwandani inazihitaji.